Kimbunga kikipiga, nesi wa Nairobi afunge begi aende? Matroni amenikataza

#1 · Nesi_wa_Kayole · Ijumaa, saa 3:40 usiku

Hamjambo nyote. Mimi ni nesi, mwaka wa sita sasa, wodi ya upasuaji ya wanawake. Nimebakiza siku 21 za likizo. Tangu kimbunga Melissa kipige Jamaika tarehe 28 Oktoba 2025, kwa upepo wa karibu kilomita 300 kwa saa, sijatulia. Niliona picha za hospitali ya Black River ilivyoharibika nikajiuliza manesi wenzangu wa pale wamelala wapi usiku ule. Mwaka 2019 kimbunga Idai kilipopiga Beira, Msumbiji, nilikuwa bado chuoni, nikaapa kwamba nikipata leseni mambo kama hayo hayatapita nikiyatazama kwenye simu.

Juzi nikamwambia matroni kwamba kikipiga kingine upande wetu huu wa Msumbiji au Madagaska, nataka kwenda kujitolea. Akaweka kalamu chini, akaniambia: "Ukienda hivyo, wewe ni mgonjwa wa ziada. Watakutafutia maji, watakutafutia pa kulala." Iliniuma, kwa sababu ninamheshimu.

Naomba waliowahi kwenda waniambie. Kimbunga kikishapita, nini hasa kinaua watu? Na mtu wa afya wa kawaida, asiye bingwa wa chochote, anafaa kitu gani?

#2 · KijanaMukuru · saa 3:52 usiku

Dada, usivunjwe moyo. Jeraha ni jeraha popote. Mwenye mikono ya kufunga jeraha anahitajika. Mimi naona uende.

#3 · Daktari_Kisu · saa 4:15 usiku

Pole dada, lakini matroni amesema kweli, ila ameisema kwa ukali. Baada ya tetemeko la Haiti la 2010 watu walimiminika kila mmoja na begi lake. Wengine hawakuja na maji wala chakula. Wengine walikata miguu ya watu kisha wakapanda ndege wakarudi kwao, na kidonda kikabaki bila wa kukiangalia. Ndiyo maana mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya timu za dharura. Timu ya ngazi ya kwanza inayokaa mahali pamoja iweze kuona wagonjwa wa nje 100 kwa siku. Ya ngazi ya pili iwe na thieta, vitanda visivyopungua 20, na ifanye operesheni kubwa 7 au ndogo 15 kwa siku. Tena ije na chakula chake, maji yake, mafuta ya jenereta, hema, hata vyoo, vya kuitosha wiki mbili angalau. Na haianzi kazi mpaka wizara ya afya ya pale iikubali na kuipangia mahali.

Kuhusu kinachoua: kwa vimbunga vingi, siku yenyewe ni maji na vitu vinavyorushwa na upepo. Walioumia vibaya sana wengi hufa kabla hatujafika. Sisi wa visu tukifika siku ya nne au ya tano tunakuta vidonda vilivyooza, mifupa iliyovunjika na haikutengenezwa, na wajawazito wanaohitaji kupasuliwa. Kazi ipo, lakini si ile inayoonyeshwa kwenye runinga.

#4 · Bandari_hadi_Beira · saa 4:41 usiku

Mimi si mtu wa afya, ni dereva wa lori. 2019 nilikuwa nikifanya kazi na kampuni iliyobeba dawa na mahema. Idai iliingia Beira usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Machi. Barabara ile ya N6, inayotoka Beira kwenda Chimoio na mpaka wa Zimbabwe, ilikatwa na maji. Tulikaa upande wa huku tukitazama.

Tulipopita nilikutana na vijana wanne waliokuja wenyewe, madaktari wote, wenye nia safi kabisa. Hakuna aliyejua Kireno, achilia mbali Kisena au Kindau cha wenyeji. Walikuwa wamekaa chini ya paa la kituo cha mafuta, stetoskopu shingoni, wakisubiri mtu wa kuwatafsiria. Mkalimani mmoja aliyekuwepo alikuwa ameshachukuliwa na watu wa maji. Siku ya tatu walinisaidia kushusha maboksi kwenye lori, na walifanya kazi ile kwa bidii hata msimamizi wetu akawasifu. Lakini walisoma miaka sita wapi na wapi na kushusha maboksi.

Dada, nakuheshimu kwa moyo wako. Uliza kwanza lugha.

#5 · BintiPwani · saa 5:03 usiku

Hapo kwenye lugha niongeze. Kimbunga Kenneth kilipopiga Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019, wiki sita tu baada ya Idai, ule ulikuwa upande wa Kimwani na Kimakonde, na kule Kiswahili kinasikika kwa watu wengi. Kwa hiyo kuna mahali ambapo nesi wa Kenya anafaa zaidi kuliko profesa wa Ulaya.

#6 · MzeeWaBuruburu · Jumamosi, saa 12:20 asubuhi

Wanangu, mnachanganya mambo. Kinachopiga Jamaika ni harikeni, Msumbiji ni kimbunga cha kawaida. Tena sisi Nairobi hatuwezi kupigwa, kwa hiyo mjadala huu ni wa watu wa mbali.

#7 · Mtabiri_Dagoretti · saa 1:05 asubuhi

Mzee wangu, shikamoo, naomba nikusahihishe nusu. Ni kitu kile kile, jina ndilo linalobadilika kulingana na bahari. Kwenye Atlantiki wanaita harikeni, kwenye Pasifiki ya magharibi taifuni, huku kwetu saikloni, na kwa Kiswahili vyote ni vimbunga. Nusu ya pili umepatia. Karibu na ikweta nguvu inayofanya upepo uzunguke ni ndogo mno, na Nairobi iko nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta. Lakini Mei 2024 Hidaya ilifika kisiwa cha Mafia, Tanzania, na pwani yetu ikapewa tahadhari ya mawimbi na mvua. Na mwezi uliotangulia Nairobi nzima ilikuwa majini bila kimbunga chochote. Mgonjwa hajali maji yaliyomtoa nyumbani yana jina gani.

#8 · KijanaMukuru · saa 1:18 asubuhi

Kweli kabisa. Hata lile bwawa la Mai Mahiu lilipopasuka hakukuwa na kimbunga.

#9 · Mhandisi_Maji · saa 1:40 asubuhi

Halikuwa bwawa, kaka. Zilianza habari hivyo alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, kisha wizara ikaeleza kwamba maji yalikusanyika nyuma ya tuta la reli baada ya njia ya maji chini yake kuziba kwa matope na magogo. Tofauti hiyo ina maana, kwa sababu njia iliyoziba inaweza kuzibuliwa kabla.

Na kwa swali la dada: kinachoua ni maji, lakini ni maji ya wiki ya pili. Watu wanapewa shule walale, madarasa yanajaa, vyoo ni vinne. Kiwango cha dharura ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku na choo kimoja kisizidi watu 50 mwanzoni, kisha kishuke hadi watu 20. Nenda kwenye kambi yoyote uhesabu jerikani. Mimi ningempa nesi kipimo cha klorini mkononi kabla ya sindano. Maji yakifika kwa mwananchi yawe na miligramu 0.5 ya klorini kwa lita. Apime kwenye bomba, kisha apime kwenye jerikani chini ya kitanda, kwa sababu maji safi huchafukia ndani ya nyumba.

#10 · Mama_wa_Kipindupindu · saa 3:10 asubuhi

Jina langu humu lilitokana na kazi yangu, nimefanya vituo vya kipindupindu miaka mingi. Mhandisi ana haki. Beira kipindupindu kilithibitishwa tarehe 27 Machi 2019, siku 12 tu baada ya kimbunga. Tarehe 3 Aprili chanjo ya matone ilikuwa imeanza, karibu dozi 900,000. Waliougua walizidi 6,700. Waliokufa, kwa takwimu rasmi, walikuwa 8. Soma tena, wanane. Kipindupindu kisipotibiwa kinaweza kuua nusu ya wanaozidiwa.

Waliookoa watu wale hawakuwa mabingwa. Walikuwa wakunga, manesi na vijana wa mtaa wenye ndoo, kikombe na pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Mgonjwa analala kwenye kitanda chenye tundu, ndoo chini. Unaitazama ndoo, unakadiria kilichotoka, unarudisha kiasi hicho hicho mdomoni au kwa dripu. Unabana ngozi ya tumbo uone inarudi haraka au inasimama kama kitambaa. Macho yamezama? Mtoto akilia anatoa machozi? Hiyo ndiyo kazi, usiku kucha, na nesi aliyefundishwa siku mbili anaifanya vizuri kuliko daktari bingwa asiyeizoea.

Pakiti zikiisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kukwangua, visiwe vya kulundika. Usizidishe chumvi, chumvi nyingi inamdhuru mtoto.

#11 · MzeeWaBuruburu · saa 3:31 asubuhi

Asante binti wa hali ya hewa, nimekubali. Lakini mama hapo juu amesahau maiti. Zikikaa ndizo zinazoleta kipindupindu. Ndiyo maana lazima wazikwe upesi, hata kaburi moja.

#12 · Chumba_Baridi · saa 4:02 asubuhi

Mzee wangu, hilo ndilo ninalopigana nalo kila siku kazini. Ninafanya kazi ya mochari. Mtu aliyekufa maji akiwa na afya yake hana kipindupindu cha kumpa mtu. Maiti ya mgonjwa wa kipindupindu ndiyo inayotaka tahadhari, na anayebeba maiti yoyote avae glavu. Basi. Hofu ya maiti imefanya familia nyingi duniani zisijue wapendwa wao walizikwa wapi.

Kama kuna mtu wa afya anataka kazi isiyopigwa picha, iko hapa. Namba moja kwa kila mwili, imefungwa kwenye mwili wenyewe. Uso upigwe picha mapema kabla haujabadilika, kisha nguo, kovu, meno, pete. Andika ulipookotwa. Baada ya mafuriko ya 2024 alikuja mama mmoja anamtafuta mwanawe kwa siku tisa. Tulimtambua kwa kiraka cha bluu alichokuwa amekishona yeye mwenyewe kwenye goti la suruali ya shule. Yule aliyeandika "suruali ya shule, kiraka cha bluu, goti la kushoto" alikuwa mwanafunzi wa uuguzi. Sijui yuko wapi leo, ila namwombea.

#13 · Nesi_wa_Kayole · saa 4:20 asubuhi

Nimesoma #12 mara tatu. Asanteni, endeleeni, niko zamu ya mchana.

#14 · Mfamasia_Umoja · saa 5:15 asubuhi

Mnazungumzia kipindupindu na majeraha kwa sababu vinaonekana. Mimi nasema kinachoua kimyakimya ni presha, sukari, figo, pumu na dawa za ukimwi zilizosombwa pamoja na kadi ya kliniki.

Tazameni kimbunga Maria, Puerto Rico, Septemba 2017. Serikali ilisema wamekufa 64. Baadaye chuo kikuu cha George Washington kikahesabu vifo vilivyozidi kawaida hadi Februari 2018, ikawa 2,975. Idadi rasmi ikabadilishwa. Umeme ulikosekana miezi, mashine za oksijeni zikazima, insulini ikaharibika, watu wa dialisisi, wale wa kusafishwa figo, wakakosa pa kwenda. Wengi walikufa upepo ukiwa umeshatulia.

Na msitume maboksi ya dawa zilizobaki nyumbani! Aceh, Indonesia, baada ya tsunami ya 2004, walipokea tani 4,000 za dawa. Sehemu kubwa haikuwa kwenye orodha ya dawa muhimu za nchi, na asilimia 70 zilikuwa na maandishi ya lugha ambayo wenyeji hawakuijua. Kuziteketeza ikawa gharama nyingine. Dawa ya msaada ibakiwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda.

#15 · Daktari_Kisu · saa 6:40 mchana

Mfamasia, nakubali mwelekeo, lakini usishike 2,975 kama idadi ya kaburi kwa kaburi. Ni makadirio. Watafiti wa Harvard walitumia njia ya kuuliza nyumba kwa nyumba wakapata 4,645, na wao wenyewe walisema inaweza kuwa kati ya 793 na 8,498. Tunajua ni wengi kuliko 64. Nani hasa alikufa kwa sukari na nani kwa figo, hatuwezi kumgawa kila mmoja.

Tena Puerto Rico ni jamii ya wazee wengi wenye umeme majumbani. Sofala, mkoa wa Beira, si hivyo. Huwezi kuchukua kinachoua San Juan, mji mkuu wa Puerto Rico, ukakipeleka Buzi kule Sofala ukasema ndicho.

#16 · Mfamasia_Umoja · saa 7:02 mchana

Daktari, na Nairobi je? Sisi tuko katikati. Tuna mashine za figo, tuna friji, tuna watu wa presha kila ploti. Nionyeshe kambi ya mafuriko ya 2024 ambayo haikuwa na shosho aliyeacha dawa zake ndani ya nyumba.

#17 · Binti_wa_Kitengela · saa 8:30 mchana

Naomba niseme la nyumbani kwetu, sijawahi kuliandika.

Baba yangu ni mtu wa kusafishwa figo, Jumatatu na Alhamisi. Mafuriko ya mwisho wa Aprili 2024 yalikata njia. Akakosa mara mbili. Siku ya sita alikuwa amevimba miguu, hawezi kulala chali, tukamkalisha kwenye kiti usiku kucha akiegemea meza juu ya mto. Kila akisinzia anaamka akitafuta hewa. Madaktari wa serikali walikuwa kwenye mgomo, silaumu mtu, nasema hali ilivyokuwa.

Saa mbili usiku simu ikalia. Nesi wa kitengo chake. Alikuwa na daftari la wagonjwa wake wote, anawapigia mmoja mmoja waliokosa. Akaniuliza mambo matano: anapumuaje, amekojoa kiasi gani, moyo unarukaruka, amekula nini, miguu imefika wapi. Akasema: "Ndizi hapana. Nyanya hapana. Viazi hapana. Maji, kikombe kimoja cha chai mpaka kesho, akiona koo limekauka mpe kipande cha barafu." Sisi tulikuwa tunampa ndizi kwa sababu ndicho alichokuwa anaweza kumeza! Kesho yake akatupata nafasi ya mashine kwenye kliniki ya upande wetu wa maji, akampigia msimamizi wa pale mwenyewe. Baba yuko hai.

Yule nesi hakuvuka mto wowote. Alikuwa na daftari na salio la simu.

#18 · Mama_wa_Kipindupindu · saa 8:47 mchana

Mungu ambariki nesi huyo, na baba yako aendelee kupata nafuu. Ndizi na nyanya zina potasiamu, figo zikishindwa inapanda na moyo unasimama ghafla. Watu wengi hawalijui hilo.

#19 · Mgomo_ni_Haki · saa 9:10 alasiri

Kwa kuwa mgomo umetajwa: ulianza tarehe 14 Machi 2024 ukaisha tarehe 8 Mei, siku 56. Sisi hatukupanga mvua. Na wako madaktari waliogoma waliokwenda kambini jioni kwa hiari yao, mimi mmoja wao. Intern asiyelipwa nauli anafikaje kwenye mafuriko? Anayetaka watu wa afya wakati wa janga awalipe wakati wa kawaida.

#20 · KijanaMukuru · saa 9:22 alasiri

Daktari unasema kweli lakini mama yangu alikaa nje ya geti la hospitali siku mbili na mguu umechomwa na msumari wa bati. Siku hizo maji yalikuwa bado mtaani. Yeye hakuwa na mkataba na mtu.

#21 · Msimamizi · saa 9:30 alasiri

Mgomo una uzi wake, tafadhali. Turudi kwa swali la Nesi.

#22 · Daktari_Kisu · saa 10:05 alasiri

Kijana, pole sana kwa mama. Huo mguu wa msumari ndio mgonjwa wangu nambari moja baada ya mafuriko yoyote. Watu wanapanda paa kurudisha mabati, wanatembea matopeni bila viatu. Na kosa tunalofanya wengi ni kushona. Jeraha lililoingiwa na maji ya mtaro ukilishona siku hiyo umefungia uchafu ndani. Lioshe kwa maji mengi safi, ukate nyama iliyokufa, liache wazi chini ya bandeji safi, ulitazame tena, na kama ni safi ulishone siku ya tatu hadi ya tano. Halafu pepopunda: uliza chanjo ya mwisho ilikuwa lini. Mama alichanjwa?

#23 · KijanaMukuru · saa 10:11 alasiri

Alichanjwa siku ya tatu. Walimshona, ikabidi wafungue tena. Ana kovu kama mdomo wa samaki.

#24 · Mdau_Lindi · saa 11:48 jioni

Nawasalimu kutoka kusini mwa Tanzania. Mmesahau panya. Mkojo wa panya ukiingia majini, mtu mwenye mchubuko akipita humo anapata homa ya mgunda. Sisi tuliipata Ruangwa mwaka 2022, watu walitoka damu puani na watatu wakafa kabla ugonjwa haujajulikana jina. Na Jamaika, mwezi mmoja haukuisha baada ya Melissa, wizara yao ilitangaza mlipuko wa ugonjwa huo huo. Mtu wa afya akiona homa, maumivu ya misuli ya mashavu ya miguu na macho mekundu baada ya mafuriko, asikimbilie malaria peke yake.

#25 · Jiko_la_Makaa · saa 1:15 usiku

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, Mathare. Tuko zaidi ya 100,000 nchi nzima tangu 2023, tulipewa begi lenye mashine ya presha na ya sukari. Nimesoma yote na ninaona mnamwacha anayeua ndani ya nyumba. Mvua ikinyesha siku tatu, watu wanaingiza jiko ndani, wanafunga mlango na kuziba nyufa kwa magunia. Kaboni monoksaidi haina harufu. Asubuhi mlango hauna wa kuufungua. Kwa wenzetu wenye vimbunga ni jenereta iliyowekwa ndani au dirishani. Kifo ni kile kile, na dawa yake ni mtu wa kugonga mlango saa mbili usiku na kusema "toeni jiko". Mimi hugonga.

Dada Nesi, kwangu kuna nyumba kando ya mto ambazo nazijua mlango kwa mlango, lakini sijui kuchoma insulini wala kufundisha. Siku zako 21 ukinipa tatu nitashukuru.

#26 · Mshauri_Nasaha · saa 1:50 usiku

Na baada ya yote hayo, manusura msimlazimishe kusimulia. Zamani tuliketisha watu tukawataka waeleze yote waliyoyaona. Shirika la Afya Duniani halishauri hivyo sasa. Mpe maji, blanketi, mtafutie jamaa zake, msikilize akitaka kusema. Na msisahau wahudumu wa pale pale. Nesi wa Beira alikuwa kazini huku hajui nyumba yake ina paa. Kumpokea zamu mbili alale, aende amtafute mtoto wake, hiyo ni huduma. Labda hapo ndipo mgeni anafaa kuliko popote.

#27 · Daktari_Kisu · saa 2:12 usiku

Hapo umesema jambo. Ila mgeni huyo bado atatakiwa awe kwenye timu, awe na kibali cha baraza la kule, na ajue Kireno. Tunarudi pale pale.

#28 · Bandari_hadi_Beira · saa 2:30 usiku

Wakuba walifika Beira na brigedi yao na hospitali ya hema. Brigedi ile iliundwa 2005, wakati wa kimbunga Katrina kule Marekani, na Marekani ikakataa msaada wao. Walijiandaa kabla, hilo ndilo lililowafikisha. Nesi, jiandikishe sasa na Msalaba Mwekundu, anza Kireno sasa, hata kama kimbunga kitakuja mwaka wa kesho kutwa. Mimi bado nasema utaenda siku moja.

#29 · Nesi_wa_Kayole · Jumapili ya wiki iliyofuata, saa 1:20 usiku

Nimerudi. Samahani nilikuwa kimya, nilikuwa na mhudumu wa #25.

Siku tatu tumetembea kando ya mto, upande wa mabati. Tumepata watu 11 wanaochoma insulini na wawili wa kusafishwa figo ndani ya ploti ambazo maji yalifika 2024. Tumeandika kwenye daftari mbili, moja yake, moja yangu: jina, dawa, kiasi, kliniki, simu ya jirani, na nani atambeba. Kila mmoja tumemwambia aweke dawa za wiki mbili na picha ya kadi ndani ya chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, kifuniko kikazwe, ining'inie juu msumarini karibu na mlango.

Hakuna hata mmoja mwenye friji. Shosho mmoja wa miaka 70 na kitu anaweka insulini ndani ya unga, kwenye pipa, kwa sababu unga "ni baridi". Nikanunua vyungu viwili, kimoja kinaingia ndani ya kingine, mchanga katikati, nikaumwagia maji, nikafunika kwa kitambaa kilicholowa. Nikaweka kipimajoto. Saa nane mchana chini ya bati ilikuwa nyuzi 31, ndani ya chungu 24. Mfamasia, inatosha?

#30 · Mfamasia_Umoja · saa 1:44 usiku

Kwa chupa aliyokwisha kuifungua inatosha, aina nyingi hukaa karibu wiki nne nje ya friji zikiwa chini ya nyuzi 25, nyingine hata 30. Kwa akiba ambayo haijafunguliwa, hapana, hiyo inataka nyuzi 2 hadi 8. Na siku ya mvua unyevu ukipanda chungu hakitapoza hivyo. Pima tena siku ya mawingu. Hongera sana, dada.

#31 · Mhandisi_Maji · saa 2:03 usiku

Na klorini mlipima?

#32 · Nesi_wa_Kayole · saa 2:09 usiku

Bado. Sina kipimo. Una cha kuniazima?

#33 · Mhandisi_Maji · saa 2:15 usiku

Ninacho kimoja na vidonge vyake. Jumamosi nitakuwa stejini Kayole saa tatu asubuhi, nitakuja nacho.

#34 · KijanaMukuru · saa 2:31 usiku

Nesi, na upande wetu wa Mukuru mtafika lini? Mama anajua nyumba zote za wagonjwa wa sukari kwenye laini yetu, na mguu wake sasa unatembea.